Mkurugenzi wa Magodoro Yasiyokuwepo

Mama Sponji alikuwa na misumari midogo mdomoni siku tarishi wa mahakama alipoingia karakana akimuulizia mkurugenzi. Yeye alikuwa fundi wa makochi, na mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo la Sponji, si kwa ukurugenzi, kwa hiyo alinyoosha nyundo kumwelekeza duka la jirani. Tarishi akasoma majina matatu kamili, mpaka la babu. Ikabidi ateme misumari.

Samansi ilisema kampuni yake haijawahi kupeleka ritani za kodi, zile fomu za mapato za kila mwaka, tangu isajiliwe, afike kwa hakimu akajibu. Alikuna kichwa weee, kampuni gani? Ndipo akamkumbuka shemeji yake, mdogo wa mumewe, bingwa wa maneno matamu na mipango isiyo na miguu. Miaka ya nyuma alitaka kusajili kampuni ya kuagiza magodoro, akatafuta mkurugenzi wa pili. Mama Sponji alitia saini ili aachwe amalize kochi la mteja. Hata godoro moja halikuja.

Akampigia simu. "Shemeji, nina samansi hapa."

"Usihangaike, shem. Hao wanatisha watu tu."

"Kwani wewe hujaletewa?"

"Mimi nilihama. Hawajui ninakokaa."

Jioni mumewe akajaribu kupoza moto. "Mvumilie, mke wangu, yule ni damu yangu."

"Damu yako, jina langu," alisema, akaenda kulala bila kuaga.

Siku ya kesi alifunga karakana na kuacha makochi ya watu yakiwa uchi. Mahakamani alikalia benchi gumu ambalo yeye angeona haya kumkalisha juu yake hata mdeni wake. Shemeji, aliyeburutwa na kaka yake, alifika amechelewa, kavaa suti, akisalimia watu kama mgeni rasmi.

"Kwa nini hamkupeleka ritani?" hakimu aliuliza.

"Mheshimiwa, kampuni haikufanya biashara yoyote," alisema Mama Sponji.

"Mliwaarifu watu wa kodi?"

"Mheshimiwa, nani anaenda kwenye ofisi za watu kutangaza kwamba hana kitu?"

Watu wakacheka. Hakimu akainamia karatasi zake kidogo, kisha akaeleza kwa upole kwamba sheria inataka kampuni iseme, hata kama la kusema ni sifuri. Wakajaze ritani zote, walipe faini ya kuchelewa, ndipo warudi.

Kesho yake shemeji akadai ana dharura. Mama Sponji akamfuata kwake, akamkuta anakunywa chai. Kwenye ofisi ya kodi akamkalisha kitini, akasimama nyuma yake, naye akajaza sifuri mwaka baada ya mwaka mpaka kiganja kikamuuma. Ulipofika wakati wa faini, shemeji alimtazama kaka yake, aliyekuwa amewasindikiza. Kaka yake, kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, akatazama dirishani. Shemeji akalipa mwenyewe.

Waliporudi kwa hakimu, shauri likaondolewa. Wakiwa wanashuka ngazi za mahakama, shemeji alikuwa ameshachangamka.

"Unajua, shem, sasa kampuni ni safi kabisa. Itakuwa hasara kuifunga."

Mama Sponji alisimama. Hakupandisha sauti. "Ofisi ya kufungia makampuni iko wapi?"

"Mtaa wa nyuma, lakini foleni yake..."

"Tangulia."

Akatangulia. Foleni kweli ilikuwa ndefu, na Mama Sponji alisimama nyuma yake muda wote, mkono ameshika mkia wa koti la ile suti.