Kigango cha Shamba la Sabaki

Bi Mwanamina, mpika mahamri wa Mambrui, hajui kunyamaza akisikia uongo. Ijumaa ile alifika shamba la ukoo huko Sabaki mikono ikiwa bado na unga, maana aliambiwa mtoto wa kaka yake, Rashad, amekwenda na shoka. Alimkuta mbele ya kigango, ule mti wa kuchonga ambao Wagiriama humsimikia mzee wao aliyefariki. Mzee Ngumbao, Mgiriama aliyezaliwa papo hapo, alikuwa amekikinga kwa mwili wake.

"Shangazi, hili ni shamba la wakfu," alisema Rashad. "Sanamu haifai kukaa kwenye mali ya Mungu. Na hawa ni maskwota tu."

"Maskwota wa nani? Enzi za Sultani na Mwingereza, hati tulipewa sisi watu wa mjini. Waliokuwa wakilima hapa hawakuulizwa. Babu yetu aliyeliweka wakfu alikikuta kigango hiki. Alikipita kila alfajiri akienda kuswali, na hakukigusa mpaka akafa, akazikwa hapa hapa shambani."

Rashad aliinua shoka.

"Haya, safisha shamba," alisema Bi Mwanamina. "Lakini anza na kaburi la babu. Ndilo lililokuja baada ya kigango."