Mama wa Namba Sitini na Moja

Watu wakisimulia mambo ya namna hii huanza kwa kuapa. Wanataja kaburi la mama yao, wanaonyesha juu kwa kidole. Mimi siapi. Nilikwisha kuapa mbele ya padri, mbele ya kaka zangu na mbele ya mke wangu, na hakuna aliyeniamini zaidi kwa sababu ya kiapo. Nitawaeleza tu jinsi ilivyotokea, hapa hapa mjini, wakati bado unaitwa Elisabethville, mchana wa jua kali, ukumbi umejaa watu. Mwenye kuamini aamini.

Nilikuwa karani wa chama cha wazungu waliopenda mambo ya kale. Wao walikiita cercle. Sisi tulikiita Chama cha Mifupa. Prezida wake alikuwa daktari wa meno, mzungu mrefu, mpole, ambaye hakuweza kuzungumza nawe bila kutazama kinywa chako. Sekretari alikuwa Madame mmoja, mke wa injinia, na huyo alipenda karatasi kuliko chakula. Waliobaki walikuwa majaji, masista, watu wa posta. Weusi wa kudumu tulikuwa wawili: mimi wa kalamu, na kapita Mwape wa koleo, mzee wa Kasomeno aliyesimamia wachimbaji.

Msidhani ilikuwa kazi ya kukaa. Wakati wa mvua kulikuwa na konferansi kila mwezi: mimi napanga viti, mimi nawasha mashine ya picha, mimi narudisha viti. Pasaka, matembezi: wanachama wote ndani ya lori mpaka kwenye mapango, na mimi nyuma nimeshika vikapu vya mikate. Mvua ikikatika tunaenda kuchimba, majuma sita tunalala kwenye hema. Septemba ni kuosha na kuandika namba. Oktoba, ekspozisyo, maonyesho ya vitu tulivyochimba. Desemba, mkutano mkuu: Prezida anasoma ripoti ya mwaka, wanapiga makofi, wanakula, na mimi napanga viti. Halafu Januari inaanza tena. Miaka tisa nilizunguka hivyo. Mkiniuliza mambo ya kale yananukia nini, nitawaambia vumbi, vernis ya kung'arishia, na jasho langu mwenyewe.

Mwaka ninaousema tulichimba upande wa Kasomeno, si mbali na barabara ya Kasenga. Mwape alifanya kama desturi yake: kabla ya koleo la kwanza alimwaga unga kidogo chini, akasema na wenye mahali pale kwa sauti ndogo. Prezida alisubiri, kofia mkononi, maana hakuwa mtu mbaya. Siku ya tisa tukampata mwanamke. Alilala ubavu, na mtoto wake kifuani, mdogo sana, meno ya kwanza tu ndiyo yametoka. Mtu aliwalaza vile kwa mikono yake, polepole, bila haraka yoyote. Wachimbaji waliacha kuimba.

Mwape akanivuta kando. "Karani," akasema, "aba balibazika pamoja. Usibagabule, usibatenge."

Nikamjibu kwamba kazi yetu ina utaratibu wake, na utaratibu hauulizi mimi napenda nini.

Na utaratibu ulikuwa hivi. Kila kichwa kilipata namba yake. Lakini watu wakitoka kaburi moja, Madame alikubali wapewe namba moja yenye herufi, A na B, na hao hawatengwi tena: sanduku moja, kabati moja, milele. Ila A na B zilitaka fishi ya pili, yaani kadi ya maelezo, iliyopigwa kwa mashine, nakala tatu, na mchoro wa kaburi juu yake.

Sasa fikirini Septemba ya mji huu. Joto limebana, mvua inakataa kuja, moshi wa kiwanda cha shaba unashuka mpaka unauonja kwenye ulimi. Tangu asubuhi naandika namba kwa wino mweusi na kalamu nyembamba, juu ya vigae, juu ya shanga, juu ya mifupa, halafu vernis juu ya wino ili isifutike. Nilipomfikia yule mama niliandika 61 kwenye paji la uso wake. Nikamchukua mtoto. Nikaitazama mashine ya kupigia, kule mezani, imefunikwa kitambaa. Mgongo uliniuma. Nikaandika 62. Sikuwa na ubaya moyoni. Nilikuwa nimechoka, na namba mbili zilikuwa kazi ndogo kuliko namba moja.

Mwenye namba yake anaenda kwenye sanduku lake. Namba 61 alikwenda kwa watu wazima, waliobaki mjini kwa ajili ya ekspozisyo. Namba 62 alikwenda kwa watoto, na sanduku la watoto Prezida alikuwa amemwahidi rafiki yake, profesa wa meno huko Ulaya. Likapigwa misumari, likawekwa chumba cha nyuma kusubiri treni.

Ekspozisyo ilifanywa katika ukumbi wa shule, siku nane. Wazungu waliingia siku zote. Sisi weusi tulipewa Jumapili ya mwisho, baada ya misa mpaka jioni. Jumapili hiyo ilikuwa kelele tupu: akina mama wa cité, mitaa yetu weusi, na watoto wao, vijana wa shule wakijifanya wanasoma maandishi ya Kifaransa, wazee wakiuliza kwa nini vyungu vya bibi zao vimefungiwa kwenye kioo. Mimi nilisimama mlangoni na daftari la wageni, maana kila anayeingia lazima aandikwe, jina na mahali anapotoka.

Saa tisa hivi alikuja mwanamke peke yake. Hakuwa mzee. Pagne aliyojifunga ilikuwa imefifia, na kitambaa cha kichwa kimefungwa chini mpaka kwenye nyusi. Miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu, mbichi, na tangu Aprili hakuna tone la mvua lililoanguka.

"Jina, mama?" nikauliza bila kuinua kalamu.

"Ulisha kuniandika."

Nikadhani aliingia asubuhi, ametoka, sasa anarudi. Nikapekua kurasa. "Nilikuandika wapi?"

Akakisogeza kitambaa juu kwa kidole kimoja. Kwenye paji la uso, chini kidogo ya nywele, kulikuwa na 6 na 1. Niaminini, mtu anaujua mwandiko wake. Sita yangu ina mkia mrefu, Frère, mtawa wa shule, alinifundisha hivyo kwa fimbo. Na vernis ilikuwa inang'aa juu ya ngozi.

Mnauliza mbona sikukimbia? Hata mimi nimejiuliza. Miguu haikutaka. Nyuma yake walikuwa wamesimama watu watatu. Walimpita kando bila kumwangalia, wakaniambia majina yao, na mimi nikayaandika. Mkono uliendelea na kazi yake.

"Mutoto yangu iko wapi?" akaniuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu wa nyumbani. "Nilimutafuta mu masanduku yote. Hayiko."

"Iko mu chumba ya nyuma," nikasema. "Inaenda Ulaya."

"Na nani?"

Mngemjibu nini? Nikamwambia, na batoto benzake.

"Hajajua kutembea," akasema. Halafu: "Baba, weye ndiye unaandikaka. Andika tu namba moja. Batatuweka pamoja."

Hapo ndipo aliponichoma, kwa sababu alisema kweli. Wazungu wale waliheshimu karatasi. Kama ningefuta 62 nikaandika 61 B, na fishi ya pili ikawa tayari mezani, Prezida mwenyewe angemtoa mtoto kwenye sanduku na kumrudisha kwa mama yake, tena angenipa ahsante. Hakuna mtu mwingine chini ya jua aliyeweza kulifanya jambo hilo, ila mimi. Ilitaka kung'oa misumari, kurekebisha orodha, kupiga fishi nakala tatu. Kazi ya saa mbili au tatu. Treni ilikuwa Jumatatu mchana. Na mimi nilikuwa nimesimama siku nane, nimevimba miguu, nimekula ndizi mbili tangu misa ya kwanza.

"Kesho, mama," nikamwambia. "Kesho asubuhi mapema. Leo nimechoka."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinitazama tu, akasema, "Muzuri. Kesho." Akaenda kusimama karibu na kabati la kioo ambamo mifupa yake ililazwa juu ya kitambaa cheusi. Kundi la watoto wa shule likapita kati yetu. Lilipokwisha kupita, hapakuwa na mtu.

Watu husema aliyeona mzuka hapati usingizi. Mimi nilipata. Nilifika nyumbani, nikaanguka na viatu, nikalala kama nimepigwa. Hiyo ndiyo aibu yangu, na ndiyo maana padri hakuniamini: aliniambia mtu aliyeona kitu kama kile asingelala.

Nilipoamka jua lilikuwa limekwisha kupanda. Nilikanyaga baiskeli mpaka kifua kikaniuma. Chumba cha nyuma kilikuwa kitupu, sakafu ina alama nne za sanduku kwenye vumbi. Madame akaniambia, akitabasamu, kwamba Prezida aliniona nilivyochoka Jumapili, akawatuma watu wa gari alfajiri ili mimi nisisumbuke. Alifanya kwa wema. Nikakimbilia stesheni. Behewa lilikuwa limefungwa kwa lakiri ya risasi, na mkuu wa stesheni akaniuliza karatasi yangu iko wapi. Sikuwa na karatasi. Maisha yangu yote nimeandika karatasi za watu, na siku ile sikuwa nayo hata moja. Treni ikaondoka mbele ya macho yangu.

Nilimwambia Prezida yote, isipokuwa habari ya paji la uso. Alihuzunika kweli, akaandika barua siku hiyo hiyo. Jibu lilifika mvua zilipokaribia kwisha, na ni mimi niliyelifungua, maana kufungua barua ilikuwa kazi yangu. Profesa alishukuru sana. Meno yote yameng'olewa na kupangwa kwa umri, pamoja na meno ya watoto wa nchi nyingine. Mifupa midogo haikuwa na maana kwa kazi yake, haikuhifadhiwa. Hakuna awezaye kujua tena lipi ni la nani.

Mwaka uliofuata, Jumapili ya weusi, saa tisa, akaja. "Mutoto ilirudia?" akaniuliza.

"Bado, mama."

Na mwaka uliofuata, na uliofuata. Bado, mama. Sikupata moyo wa kumweleza habari ya meno. Mwape ndiye pekee niliyemweleza, na Mwape hakunilaumu hata kwa neno moja.

Ulipofika uhuru, wazungu wa chama wakaondoka kwa magari yao usiku na mchana, na mwaka huo haukuwa na mkutano mkuu. Mimi na Mwape tukaingia ghalani, tukatoa namba 61. Nilifuta paji la uso wake kwa alkoli na kitambaa, nikasugua mpaka vernis ikaachia na ile sita yangu ikatoka. Tukapanda lori mpaka Kasomeno. Mwape akamwaga unga, akaomba radhi kwa ajili yetu sote wawili, ingawa yeye hakukosa kitu. Tulipomaliza kufukia, akapangusa koleo. "Tumemurudisha nusu," akasema.

Mwape amekwisha kufa. Mimi sasa nakaa Ruashi, na bado anakuja. Ni ile Jumapili ya mwisho kabla ya mvua, saa tisa, ninapokaa nje ya mlango. Paji lake la uso ni safi. Mke wangu hajamwona hata siku moja, lakini Jumapili hiyo hutoa kiti cha pili bila kuniuliza, akarudi jikoni kwake.

Nawaambia ninyi mnaofanya kazi za ofisi, mahospitalini, kwenye mipaka, popote watu wanapoandikwa. Siku moja watu wawili watakuja mbele yenu wameshikana, na ninyi mtakuwa mmechoka, na kuwatenga itakuwa rahisi. Msiwatenge. Pigeni hiyo fishi. Usingizi utawasubiri, haukimbii.

Mwaka huu alikaa bila kuniuliza kama mtoto amerudi. Nikafurahi kidogo, nawaambia ukweli, nikadhani labda sasa amepumzika. Jua lilipokuwa linashuka, akanigeukia.

"Baba," akasema, "miye nasahau. Alikuwa analala ku mukono gani?"

Mimi ndiye wa mwisho kuwaona pamoja. Nikafunga macho, nikarudi kwenye lile shimo, nikatazama vizuri.

"Ya kushoto, mama."

Akakunja mkono wa kushoto, taratibu, akauleta kifuani, akakaa hivyo mpaka giza likaingia. Mimi siku hizi nasahau hata majina ya wajukuu wangu. Sijui nikiondoka atamwuliza nani.