Mwezi Nyuma ya Mabati

Jirani yangu leo ametangaza Ramadhani kimakosa, na kosa lenyewe likawa kweli.

Kile kibanda changu cha uani, cha redio ya mawasiliano na darubini, nimekimaliza leo.
Bi Salma wa nyumba ya pili alikuwa hakitaki kabisa. Alisema nitamchungulia akianika nguo. Nikainua mabati upande wake mpaka akaridhika.

Magharibi, watu wakitafuta mwezi, nani wa kwanza kupiga hodi? Yeye.

Nikamwelekezea darubini kwenye Zuhura, ile nyota ing'aayo kuliko zote. Siku hizi ukiitazama kwa darubini ni kipande chembamba, kama ukucha.
Akatazama.
Kisha akapiga ukelele mtaa mzima ukasikia: "Mwezi umeandama! Kesho twafunga!"

Watoto washaanza kushangilia njiani.

Nikamwambia taratibu, "Bi Salma, hiyo ni Zuhura."
Wallahi, nilimwonea huruma.

Papo hapo redio ikaita. Rafiki yangu wa Malindi: "Huku tumeuona mwezi. Uko chini ya Zuhura."

Na chini ya Zuhura kwangu kuna nini? Mabati.

Tukatoka mbio hadi njiani. Mwezi huo hapo, mwembamba, juu ya paa la Bi Salma.

Mwenyewe akaliweka sawa buibui lake.
"Si nilisema? Na hayo mabati, mwanangu, kesho uyashushe. Yaziba mwezi."

Mwenye mkasi wa bati aniazime. Na mniambie, hapa nani ameuona kwanza?