Kitovu cha Kopo

Siku ya kwanza ya somo la ikolojia ya viwanda, swali la kwanza lilitoka kiti cha nyuma kabisa.

"Chef, kiwanda yenyewe iko wapi?"

Wanafunzi wote tisa wa shahada ya uzamili waliangua kicheko. Mhadhiri wao Arsène, ambaye walimwita Chef kama ilivyo desturi ya vyuo vya Kongo, hakucheka. Ukutani alikuwa ametundika picha ya mji mmoja wa Ulaya ambako mvuke wa kiwanda hupita bombani kwenda kupasha moto nyumba za majirani. Nimewahi kuitembelea miji ya namna hiyo. Ni safi mno, na watu wake huizungumzia taka kama wengine wanavyomzungumzia mtoto aliyefaulu mtihani. Nje ya dirisha la darasa lile la mji wa Kindu, jalala lilikuwa likifuka moshi mzito, na mbuzi wawili walikuwa wakitafuna mfuko wa plastiki.

Aliyeuliza swali alikuwa Safia, binti wa miaka ishirini na minane, mtoto wa pekee wa Mwanvua, muuza mchele wa soko kuu. Siku ile alicheka na wenzake. Baada ya mwezi somo lilikuwa limemteka. Lilimtaka autazame mji kama tumbo: apime kila kinachoingia, kila kinachotoka na kila kinachobaki ndani. Ukipima kwa uaminifu, pande mbili lazima zilingane, kwa maana hakuna kitu kinachozaliwa hewani wala kupotelea hewani. Safia alilipenda jambo hilo. Alikulia katika mji ambao kila mtu ana maelezo ya kila kitu, na hapa palikuwa na elimu isiyotaka maelezo, inayotaka mizani tu.

Kwa tasnifu yake alichagua mchele. Kwa siku thelathini, yeye na wenzake waliokubali kumsaidia walikaa bandarini, stesheni ya reli na kwenye barabara ambazo wasukuma baiskeli huingilia mjini. Bandari ilimchosha kuliko kwingine kote. Ngazi zake zilinuka mkojo na samaki waliooza, na kila asubuhi vipakiti vya pombe vilivyonyonywa usiku vilikuwa vimegandamana kwenye tope la mto Lualaba, hapo hapo wanawake walipochotea maji. Alihesabu magunia akiwa ameziba pua kwa kitambaa. Jumla ilikuwa tani mia mbili na kumi.

Upande wa pili wa mizani ulikuwa soko. Mchele wa Kindu haununuliwi kwa kilo, hununuliwa kwa kopo, lile kopo la bati la maziwa ya unga. Wauzaji wote walimwambia bila shida wanauza makopo mangapi kwa siku, lakini hakuna aliyekubali kumpa kopo lake alipime. Kopo la muuzaji halishikwi na mtu mwingine. Mnunuzi hufungua mfuko wake, muuzaji huchota, humimina, kisha hulichomeka kopo wima ndani ya mchele. Ukinyoosha mkono unaambiwa unamwondolea mwenzako bahati. Safia aliijua desturi hiyo tangu utotoni, na hata nyumbani kopo la mama yake lililala ndani ya kitambaa. Basi alinunua kopo jipya dukani, akalijaza mchele na kuupima: gramu mia saba. Akazidisha.

Mizani ikakataa. Mji ulioingiza tani mia mbili na kumi ulikuwa umeuza tani mia mbili na arobaini na tisa.

Alirudia hesabu mara nne, kisha akampelekea Arsène, ambaye aliziangalia karatasi kwa muda wa kunywa soda nusu.

"Tani thelathini na tisa. Andika ni mchele unaolimwa ndani ya mji."

"Chef, nani analima mchele ndani ya parcelle yake, kiwanja ya nyumba, hapa Kindu?"

"Jopo ya utetezi itaenda kuangalia? Safia, acha kujisumbua. Bilan ya kuingia na kutoka inafungwa. Sisi wote tulifunga bilan zetu hivyo."

Safia aliniambia baadaye kwamba chumba kile kilimchukiza kuliko ngazi za bandari. Bandarini uchafu unajulikana ni uchafu. Hapa ulikuwa umevaa tai.

Ilikuwa imebaki wiki tatu atetee tasnifu yake. Akiandika uongo wa Arsène, alikuwa na shahada mkononi. Asipouandika, ilimlazimu aseme tani zile zilitoka wapi, naye hakujua.

Akajua siku ambayo malaria ilimlaza mama yake. Mwanvua hakutaka kupoteza siku ya soko, akamtuma binti yake badala yake. Safia alitandika turubai katika mstari wa tatu, akafungua kitambaa na kutia mkono ndani ya kopo ili alifute vumbi. Vidole vyake vikagonga kitu. Kitako cha kopo kilikuwa kimegongwa kwa nje kikaingia ndani, kimevimba kama kitovu cha mtoto mchanga. Aliligeuza kopo, akatazama. Akamtazama jirani yake, Mama Jacqueline, aliyekuwa akichota huku akikwepa macho yake.

"Na lako liko hivi?"

"Weye ni mutoto wa Mwanvua ao wa nani? Chota, bantu banangoja."

Alipolijaza na kulipima, lilibeba gramu mia tano na tisini. Hakuhitaji karatasi kujua zile tani thelathini na tisa zilikotoka.

Jioni aliliweka kopo juu ya mkeka, kando ya kichwa cha mama yake.

"Mama, hii ni nini?"

Mwanvua alijiinua kwa kiwiko. "Njo vita," akasema: ndiyo vita ile.

Akasimulia. Mwaka wa 2002 mji ulikuwa umezingirwa, treni haikufika kwa miezi mingi, na mchele ulivushwa mtoni kidogo kidogo na watu waliojitoa mhanga. Kamanda mmoja alitangaza kwamba bei ya kopo haitapanda, na muuzaji wa kwanza aliyeipandisha alichapwa viboko mbele ya stesheni. Bei ikakaa palepale. Wiki iliyofuata wanawake walipanga foleni kwa fundi bati, kila mmoja na kopo lake, naye akayagonga vitako juu ya gogo. Wanunuzi walijua. Kila mtu alijua, na kila mtu alinyamaza, kwa sababu bila hivyo hakuna ambaye angeuza hata punje.

"Na kamanda alienda zake mwaka gani?"

"Aah, zamani."

"Na bei munapandisha kila mwezi sasa. Kwa nini kitovu ingali ndani?"

"Nani angetangulia kuitosha inje? Mimi peke yangu?" Mwanvua alilala tena. "Usiniangalie hivyo kama mutu mwenye kukanyaga mavi. Ile gramu unatafuta, uliikula weye. Uliisomea."

Safia alitoka nje akanawa mikono. Aliporudi mama yake alikuwa amelala, kopo likiwa limerudi kitambaani.

Kesho yake alikwenda kwa Abdoul, mtoto wa yule fundi bati, aliyerithi gogo na nyundo. Mbele ya kibanda yalipangwa makopo mapya kumi na moja. "Kitovu, dada?" aliuliza Abdoul kwa uchangamfu. "Kubwa ao ya kawaida?"

Siku ya utetezi Safia alilichukua kopo la mama yake bila kuomba. Mbele ya jopo alijaza mchele kopo la dukani, akaumimina ndani ya lile la soko. Likajaa, ukafurika, punje zikatapakaa juu ya karatasi za mwenyekiti. Arsène alikuwa akitazama dari. Mwenyekiti alizipangusa punje kwa ukingo wa mkono, uso umekunjamana, kisha akauliza swali ambalo Safia alikuwa ameliogopa tangu alipolishika kopo lile sokoni.

"Na hii kopo ni ya nani?"

Angeweza kusema ni la soko. Ingekuwa kweli, na mama yake angelala salama.

"Ya mama yangu. Mwanvua, mustari wa tatu."

Walimpa alama nzuri. Mmoja wa wajumbe alimwomba kwa sauti ya chini amtajie muuzaji ambaye kopo lake halina kitovu. Hakuwa na wa kumtajia.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Mwanvua alilipokea kopo. Alilipeleka kwa Abdoul, akamwambia alirudishe kitako mahali pake.

"Mama, mi na marehemu baba tunaingiza tu," alisema Abdoul. "Kutosha inje sikujifunza."

Akajaribu kwa ndani, na bati lililochoka likapasuka mviringo.

Tangu siku hiyo Mwanvua huuza kwa kopo la dukani la binti yake, lenye maandishi ya wino ubavuni, "échantillon 1", yaani sampuli ya kwanza. Mama Jacqueline alivuta turubai lake hatua tatu kando siku ya kwanza, na wengine wakafuata. Nilipopita pale, Safia alikuwa ameketi kando ya mama yake, wamepeana visogo, na nafasi tupu pande zote mbili.

Mteja mmoja mwanamke alisimama. Akalitazama kopo, akapiga goti, akatia mkono ndani bila kuomba ruhusa. Mwanvua akamwacha. Vidole vya yule mwanamke vilipapasa kitako huku na huku, vikitafuta kitovu.

"Mama, hii kopo mulifanya nini?"

"Hatukufanya kitu. Njo kopo."

Mwanamke alinyanyuka, akajifuta mkono kwenye kitenge chake kana kwamba ameshika kitu kibaya, akaenda kununua kwa Mama Jacqueline.