Hortensia ya Marehemu Colombe

Eulalie ni katibu wa shule moja ya msingi hapa mtaani Nyalukemba. Kabla ya Julai ya mwaka jana hakuwa amepanda kitu maishani, ila maharage ya darasa la nne, nayo yaliliwa na kuku.

Alikuwa amepanga vyumba viwili kwa Papa Philémon, mzee aliyefiwa na mkewe Colombe miaka sita nyuma. Colombe aliacha kichaka cha hortensia kando ya ngazi, chenye maua ya bluu yaliyosimamisha wapita njia. Lakini mvua za Aprili zilipasua ukuta unaozuia udongo wa kiwanja, na mafundi wangejenga mpya palepale kilipoota. Papa Philémon alikuwa amekubali kichaka king'olewe. Aliwahi kuhamisha waridi la mkewe, likafa, na hakutaka kuona hayo mara ya pili.

Eulalie hakukubali. Kwa mama yake kule Walungu hakuna anayepanda muhogo kwa mbegu: unakata shina, unalichomeka ardhini, unaenda zako. Mbona ua lishindwe? Akaomba ruhusa, akachagua matawi manene, akayachomeka juani. Ilikuwa kiangazi, vumbi la barabara lilifunika kila jani, na maji ya bomba yalikuja mara mbili kwa juma. Siku ya tano matawi yote yalikuwa meusi. Papa Philémon alipita, akatazama, akaendelea na njia yake. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jumanne alimpigia simu binamu yake Guylain, mwalimu wa kilimo. Guylain alicheka sana. Kisha akamweleza: achukue ncha changa zisizo na maua, asubuhi na mapema, akate chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea, apunguze majani nusu ili yasikauke, aweke kivulini kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, na afunike. Mafundi walikuwa wanakuja Alhamisi.

Eulalie akarudi kwa mzee.

"Maman, ulisha jaribu," Papa Philémon alimwambia. "Uiache ipumuzike."

"Papa, ni mimi nilikosea, si ile maua. Unipe asubui moja tu."

Mzee alikigeukia kichaka. Akaingia ndani, akatoka na kisu kidogo cha Colombe, akamkabidhi.

Jumatano, kabla jua halijapanda, Eulalie alikata ncha thelathini. Alizipanda kwenye makopo matupu ya nyanya aliyoyatoboa chini, akafunika kila moja kwa chupa ya plastiki iliyokatwa nusu, akazipanga nyuma ya jikoni. Kesho yake mafundi waling'oa kichaka kwa dakika kumi. Papa Philémon alibaki ndani hadi walipoondoka.

Tangu siku hiyo Eulalie hakunywa chai kabla ya kutazama makopo yake. Ndani ya chupa matone yalishika kama pumzi kwenye kioo. Ncha tatu zilioza, kisha nane nyingine. Guylain alimkataza kuzigusa kabla ya wiki tatu, naye Eulalie alihesabu siku kama mtoto anayengoja Noeli.

Siku ya ishirini na mbili alishika jani kwa vidole viwili, akavuta taratibu. Tawi halikuja. Akajaribu la pili. Nalo halikuja. Alikimbia hadi mlangoni kwa mzee, kandambili moja mguuni.

"Papa, kuja uvute hii."

"Niivute? Itangoka."

"Pole pole tu."

Papa Philémon alichuchumaa, akavuta. Tawi likabaki mahali pake. Akainua kopo, akaona mzizi mweupe, mwembamba kama uzi, umechungulia tunduni.

"Inakatala kutoka," alisema. "Colombe naye alikuwa vile vile." Akacheka mpaka akakohoa.

Miche kumi na tisa ilipona. Mvua za Septemba zilipoanza, mzee alichimba mwenyewe mashimo sita chini ya ukuta mpya, akamfukuza fundi aliyetaka kumsaidia. Mitatu ilipanda basi kwenda Walungu, iliyobaki ikapelekwa shuleni. Sasa Eulalie hapiti uzio wa mtu bila kusimama na kubisha hodi aombe tawi. Mkurugenzi wake, Maman Aimée, analalamika kwamba haoni tena faili mezani kwa katibu, bali vijiti tu vya bugenvilia na jeraniamu. Wiki iliyopita yeye mwenyewe alileta kimoja, amekifunga kwenye kitambaa kilicholowa, akauliza kama kinaweza kushika.