Njia ya Ndani ya Kipilefti

Baba mkwe alinifundisha kuendesha gari akiwa amekaa kiti cha nyuma. Nyumbani kwetu Kibondo, mke wa mtoto hakai ubavuni kwa baba wa mumewe wala hamkodolei macho, na usukani haukubadilisha hilo. Hata "wewe" hakuniambia. Alizungumza na gari. "Gari lishike kushoto. Gari lipunguze mwendo." Miezi miwili, kwenye uwanja wa mpira wa shule, lililokuwa linafundishwa ni gari.

Mume wangu macho yalikuwa yamefifia, hawezi tena kuendesha. Pikapu yetu ya milango minne ndiyo iliyobeba mihogo na maharage kutoka Kitahana, na ndiyo iliyotulisha. Nikipata leseni, naendesha mwenyewe. Nikifeli, anaichukua shemeji, mdogo wa mume wangu, ambaye tayari alikuwa anaizunguka akipigapiga matairi kwa mguu. Na shemeji ndiye kitinda mimba wa mzee. Sasa niambie, wewe ungemwamini mwalimu wa namna hiyo?

Mimi sikumwamini. Akikohoa tu, nilijiuliza anamkoholea nani.

Siku moja kabla ya mtihani alimwaga maharage kwenye mkeka, akapanga kipilefti cha miduara miwili, mmoja ndani ya mwingine, maana trafiki wa Kasulu walikuwa wanakichora hivyo kwa chokaa kwenye uwanja wao wa mtihani, na huku kwetu hatuna cha aina hiyo. Kisoda kikawa gari. "Gari likienda kushoto, lishike njia ya nje. Likienda kulia, lishike ya ndani, lizunguke nayo. Likishapita njia ya pili ya kutokea, liwashe indiketa ya kushoto, ndipo litoke."

Machale yakanicheza. Miezi miwili kushoto, kushoto, leo siku ya mwisho eti ndani? Na gari linalotaka kutoka liingie ndani kutafuta nini? Huyu ananiingiza mkenge, nikasema moyoni. Mdomoni nikaitikia, "Ndiyo, baba," macho yangu kwenye maharage.

Kasulu tulikwenda yeye akiendesha, mimi nyuma. Mtahini, askari wa kike mwenye sauti kavu, akakaa kando yangu, akaniambia nizunguke nitokee kulia. Nikashika njia ya nje, tena kwa raha zangu. Thubutu, leo hanipati mtu! Mwanafunzi mwingine alikuwa njia ya ndani, anakwenda moja kwa moja. Alipokata kutoka, mimi ndio kwanza nazunguka, nikamziba. Breki zikalia, chokaa ikatimka, askari akajishika kwenye dashibodi.

"Shuka," akasema. "Nani amekufundisha upuuzi huu?"

Nikashuka. Baba mkwe alikuwa amesimama kando, kofia mkononi. Akasogea.

"Ni mimi, afande. Nilimwambia ashike ya nje. Kosa ni langu."

Ala! Mzee aliyeendesha malori mpaka nywele zikawa nyeupe, anasimama mbele ya wanafunzi wote aonekane hajui kipilefti. Afande akamsema kama mtoto, naye anaitikia tu, "Ndiyo, afande." Nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili.

Tulipofika kwenye gari, alinipa funguo. Akafungua mlango wa mbele, akakaa kushoto kwangu. Barabarani sheria inataka hivyo kwa mwanafunzi, lakini mimi nilijibana kwenye mlango wangu, macho barabarani.

Tulikuwa tumeshauacha mji ndipo nikajikaza. "Baba, nilidhani unataka gari achukue shemeji."

Alitazama mbele. "Yule nilishamwambia asahau. Siku ile ile nilipokaa huko nyuma mara ya kwanza, mwanangu."

Niliona aibu mpaka masikio yakachemka. Machozi yakanitoka nikiwa nimeshika usukani. "Punguza mwendo," akasema, na safari hii aliniambia mimi.

Leseni niliipata mara ya pili, kwa njia ya ndani. Mzee alirudi kwenye kiti chake cha nyuma, na huko ndiko anakokaa mpaka leo nikimpeleka Kakonko. Anafumba macho safari nzima, ananikoromea kabisa. Simwamini hata kidogo. Najua hajalala.