Alama ya Ukanda kwenye Paji la Kiilu

Alizaliwa mwaka wa 1936 kwenye kilima kilicho nyuma ya soko la Kasikeu, mtoto wa kwanza wa Ndeti, mfugaji, na mkewe Kalunde, mwanamke wa maneno machache. Waliomzaa walimwita Kiilu; jina la Evanson alilipata siku ya ubatizo. Kanisa letu halina desturi ya kuwatangaza watu kuwa watakatifu, na najua baadhi ya wazee watakuna vichwa wakisoma haya. Lakini akina mama wa upande ule hawakungoja ruhusa ya mtu. Wakimtaja hushusha sauti kidogo, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala.

Mto wa kwao ni mto wa mchanga. Mvua ikiisha, maji hujificha chini, na wenyeji husema kwamba mto haujakauka, umelala tu. Kalunde aliuamsha kila siku. Alifukua mchanga, akangoja maji yajikusanye taratibu, akajaza debe, kisha akalibeba mgongoni kwa ukanda wa ngozi unaopita juu ya paji la uso, ule ambao Wakamba huuita mukwa. Siku moja Kiilu, akiwa bado mdogo wa kuchunga mbuzi, alijivika ukanda ule kichwani ili aone unavyokaa. Baba yake alimvua, akamchapa nao. "Kichwa cha mwanamume hakifungwi ukanda," alisema. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Neno lile Kiilu alilishika kama alivyoshika kwamba jua huchomoza upande wa Kitui, na tangu siku hiyo hakumwona tena mama yake akibeba maji, ingawa alipita mbele yake kila asubuhi.

Alijifunza uashi, akaokoka, na mwaka wa 1960 akamwoa Syombua, binti mcheshi kutoka Mbumbuni. Kwa bidii yake alifanywa mzee wa kanisa akiwa kijana kuliko wenzake wote, na kiti kile alikipenda mno. Kitu kimoja tu kiliwapa simanzi: miaka ilipita bila mtoto. Hatimaye, mwaka wa 1967, Syombua alishika mimba. Kilikuwa kiangazi kikali. Siku moja wazee wa kanisa walikutana nyumbani kwa Kiilu kupanga ujenzi wa nyumba ya mchungaji, na chai ilipopungua, Kiilu alipaza sauti kuelekea jikoni, "Mama, ongeza chai!" Hakuitikiwa. Syombua alikuwa mtoni. Kwenye mteremko mguu wake uliteleza, mzigo ukamvuta nyuma, akaanguka vibaya. Kiilu alipofika, wanawake wenzake walikuwa wameshamfunika kwa leso. Mtoto hakuishi. Kiilu alirudi nyumbani akakuta vikombe mezani, chai imepoa, na ndipo akakumbuka ni nani aliyeteka maji yake.

Baada ya siku za maombolezo alirudi kazini. Adhuhuri moja alijilaza kivulini mwa ukuta aliokuwa akijenga, usingizi ukamchukua. Alijiona katikati ya mto. Mchanga ulikuwa mweupe, hauna mwisho, na chini yake maji yalisikika yakipumua. Mbele yake alitembea mtu aliyeinama, mtungi mgongoni, wala hakusimama. Kiilu alimfuata kwa muda ambao haukuwa na urefu, jua likiwa limetulia pale pale. "Mama," aliita, "pumzika kidogo." Mtu yule akageuka. Hakuwa mama. Kwenye paji lake, chini ya alama za miiba, palikuwa na mfereji wa ukanda.

"Kiilu," alisema kwa upole, "umekunywa tangu utotoni. Hujawahi kuuliza ni nani ameteka."

Alipoamka, miguu yake ilikuwa na mchanga mbichi, na mtoni hakuwa amekwenda. Syombua ndiye aliyeipangusa, na nasimulia kama alivyosimulia yeye.

Kesho yake Kiilu aliuondoa ukanda wa mkewe kwenye msumari. Syombua, ambaye bado alitembea kwa shida, aliushika upande wa pili. "Weka chini! Watasema nimekulisha dawa. Unanivua nguo mbele ya watu!" Kiilu alimjibu kwamba kumpoteza mtoto mmoja kulitosha. Akatoka. Na watu walisema, tena walisema sana. Vijana wa Mukuyuni walimfuata sokoni wakiinama na kuguna. "Mzee amekaliwa chapati!" walipiga kelele, wakimaanisha ametawaliwa na mkewe. Wanawake nao walicheka kuliko wanaume, kwa kuwa kicheko kilikuwa rahisi kuliko kutazama. Mwisho akaja Kalunde, mama yake, huku akilia.

"Mwanangu, vua hiyo kitu. Mimi nimebeba miaka yote, na sikufa."

"Hukufa, mama. Lakini ulikuwa ukiumwa?"

Kalunde alifuta machozi kwa ncha ya leso. "Kila siku," alisema. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Mchungaji Musyoka hakuwa mtu mbaya. Alimpa Kiilu punda wake ili aibu iishe kimyakimya, maana mwanamume akiswaga punda hakuna amchekaye. Kiilu alishukuru, akampakia punda maji ya wajane, naye akafuata nyuma, ukanda kichwani. Basi wazee wakaketi. Walimwambia achague: ukanda, au kiti chake pamoja na Meza ya Bwana. Kiilu alilia mbele yao bila kuficha. Syombua alikuwa amepata mimba tena, na mteremko ulikuwa pale pale. "Nisameheni," alisema, "Bwana mwenyewe nimemwona nao." Wakamtenga. Kwa miaka mingi aliketi nyuma karibu na mlango, upande wa akina mama, na mkate ulipopitishwa aliinamisha kichwa na kuupisha. Mwaka wa 1969 alizaliwa binti, wakamwita Mutindi, yaani aliyekawia. Alikuwa mzima kama shilingi. Syombua hakuushika tena ule ukanda kumzuia.

Ilipofika njaa ya 1984, ile ambayo watu waliiita Nafa na Pesa Mkononi, mto ulilala usingizi mzito. Watu walifukua wakakuta mchanga mkavu tu. Lakini kisima alichokifukua Kiilu mchangani, wasema waliokunywa, kiliendelea kutoa maji, polepole, matamu, mchana kutwa, na hakumfukuza mtu. Mchana mmoja, hewa ikitetemeka kwa joto, alimwona Mchungaji Musyoka akishuka peke yake. Mkewe alikuwa kitandani na homa. Mchungaji alijaza mtungi, kisha akasimama na ukanda mkononi, kwa kuwa hakujua unavyofungwa. Kiilu alimfunga. "Inama mbele," alimwelekeza. "Ukikuvuta nyuma, usishindane nao." Mchungaji alipanda mteremko mara moja tu, na kabla hajafika juu alikuwa akilia kwa sauti.

Jumapili iliyofuata alimwita Kiilu Mezani mbele ya ushirika wote na kutaka kumrudishia kiti. Kiilu alipokea mkate, akala. "Kiti mpeni Syombua," alisema. Wazee walinung'unika, kiti kikakaa kitupu misimu kadhaa. Hatimaye Syombua alikikalia, na paa la kanisa halikuanguka.

Kiilu alifariki nyumbani kwake mwaka wa 1994. Katika ugonjwa wake Mutindi alimnyoa nywele, na hapo ikaonekana: kuanzia sikio hadi sikio, juu ya paji, pale nywele zilipoanzia, mfereji laini uliozama katika mfupa. Habari zilienea. Siku ya mazishi watu walijipanga kuligusa lile paji, wengine wakisema ni alama ya taji, na mchungaji alikuwa ameandaa mahubiri juu yake.

Ndipo Syombua aliposimama kutoka kwenye kiti cha wazee. Alifungua kitambaa chake cha kichwani, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya ndani ya kanisa lile, akainamisha kichwa cheupe kwa mvi.

"Ile mnaipangia mstari," alisema. "Hii mliiona lini?"

Kalunde, mkongwe asiyeona tena vizuri, akafungua chake. Kisha aliyeketi kando yake, na mwingine, benchi baada ya benchi, hadi upande mzima wa akina mama ukawa wazi, na kila paji lilikuwa na mfereji ule ule. Wanaume walitazama. Mchungaji Musyoka alikunja karatasi yake, akashuka madhabahuni na kupiga magoti upande ule.

Wako wageni wanaofika Kasikeu wakiuliza ukanda wa Kiilu umehifadhiwa wapi, ili wauone na kuomba. Huelekezwa nyumbani kwa Mutindi, ambako msumari huwa mtupu. Mumewe, Mwangangi, amekwenda nao mtoni. Mgeni anayetaka baraka na ashuke huko, ainame, aombe zamu yake.